Mbona Hukuiweka Juu?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Wengi waliokuwa baharini au safarini wameomba kuyasoma. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikasahihisha tu mahali nilipojikwaa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wavuvi, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta kwa kuwa viti vimekwisha: nawashukuru kwa kuja. Nilikuwa na picha za kuwaonyesha, nimezihangaikia wiki nzima, na stima imekwenda zake dakika tano kabla sijashika kipaza sauti. Haidhuru. Leo nataka kuzungumzia picha nzuri na yale yaliyokaa nyuma yake, kwa hiyo pengine ni heri tukizungumza kwa mdomo mtupu.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ami yangu alinunua mashua. Muuzaji simtaji, ameshatangulia mbele ya haki. Mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya, buluu juu, nyeupe chini, na kwenye omo imechorwa nyota. Ami aliizunguka mara moja, akaipenda, akalipa. Siku ya tatu tukatoka kwenda Kiwayu. Hatujafika popote, maji yakatufika vifundoni. Ndoo ilikuwa moja, anayo ami. Mimi nilifua maji kwa sufuria ya wali, huku nalia, na wali wenyewe tumeumwaga baharini.

Tulirudi kwa rehema za Mungu, na baadaye tukaipeleka Matondoni kwa fundi mmoja mzee. Yule mzee hakuuliza imevujia wapi. Alingoja maji yapwe, akalala chali kwenye matope chini ya mkuku, akachukua msumari, akakwaruza. Rangi ikatoka kama ganda la yai. Chini ya rangi, puti. Chini ya puti, kidole chake kikaingia ndani ya ubao mpaka pingili ya pili. Akaniita: "Ndoo hapa, mwanangu. Usitizame rangi. Lala tini."

Nimekuja leo kuwaambia maneno ya mzee yule, ila mashua ninayoisema ni kubwa kidogo. Ni kampuni za mafuta za dunia hii. Na rangi yake ni ya kijani.

Kabla sijafika huko, kuna habari mnayoijua nyote, mmeisikia madrasani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaona rundo la nafaka. Akatia mkono ndani. Vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali: ni nini hii? Akajibu: imenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mungu. Akamwambia: mbona hukuiweka juu watu waione?

Tazameni swali lenyewe. Hakulaumiwa kwa mvua, maana mvua ni ya Mungu. Hakuambiwa nafaka iliyorowa haiuziki. Mwenye kuitaka angeinunua kwa bei yake. Aliulizwa jambo moja tu. Mbona hukuiweka juu? Shikeni swali hilo, nitalirudia mpaka mchoke nami.

Tabia ya kampuni kuficha unyevu chini na kuweka majani mabichi juu, mimi naiita kujipaka kijani. Jina lake la Kizungu, greenwashing, lilizaliwa hotelini, tena hoteli ya ufukweni, tena kwa sababu ya taulo. Kijana mmoja wa Kimarekani, Jay Westerveld, alikuwa visiwa vya Fiji mwaka 1983, akaingia katika hoteli moja, akakuta kadi inayowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja, eti kwa ajili ya kulinda bahari na matumbawe. Huku nje, hoteli ileile ilikuwa ikiongeza majengo. Miaka mitatu baadaye, 1986, akaiandika habari ile na kuipa jina.

Vijana mnaofanya kazi kwenye hoteli za Shela, kadi hiyo mnaijua? (Wakacheka.) Naona mnaijua. Nyinyi ndio mnaoiweka juu ya kitanda kila asubuhi.

Taulo isiyofuliwa inaokoa maji, ni kweli. Inaokoa sabuni ya mwenye hoteli, na mshahara wa dobi pia. Hakuna neno la uongo kwenye kadi ile hata moja. Hilo ndilo ninalotaka mlikamate mapema: kujipaka kijani mara nyingi si kusema uongo. Ni kuchagua kweli ipi ikae juu ya kitanda na ipi ikae nyuma ya jengo. Mbona hukuiweka juu?

Sasa twende kwenye mafuta.

Kuna kampuni moja ambayo wazee wa majahazi waliijua kabla sisi hatujazaliwa. Ilianza mwaka 1909 kwa jina la Anglo-Persian, ikasafisha mafuta yake Abadan, kwenye Ghuba hiyohiyo ambako babu zetu walipeleka boriti za mikoko kwa pepo za Kusi. Leo inaitwa BP. Mwaka 2000 iliitupa nembo yake ya zamani iliyokuwa mfano wa ngao, ikavaa nyingine mfano wa ua na jua, kijani na njano. Matangazo yakasema herufi zile mbili sasa zina maana mpya: Beyond Petroleum, yaani kwenda mbele kuliko mafuta. Ilikuwa kazi safi, nawaambia kama mtu aliyewahi kula mshahara wa kazi hiyo, na nitafika huko. Ukiitazama nembo ile unaona asubuhi. Huoni kisima.

Haya, lala tini.

Machi 2005, kiwanda chake cha kusafisha mafuta huko Texas City, Marekani, kililipuka. Wafanyakazi 15 wakafa. Mwaka 2006 bomba lake huko Prudhoe Bay, Alaska, likavuja kwa kuwa limeliwa na kutu. Kutu! Hapa mvuvi mwenye nanga ya kuazima huikagua kabla ya kutoka. Kisha tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa ukiichimbia kampuni hiyo kisima ukalipuka. Watu 11 wakafa, na mafuta yakatoka chini ya bahari siku 87. Wataalamu wa serikali ya Marekani walikadiria karibu mapipa milioni 4.9.

Siku themanini na saba. Hesabuni nami. Yangeanza kutoka mwezi mosi Ramadhani, tungefunga mwezi mzima yanatoka, tungesali Idi yanatoka, Mfunguo Mosi ungepita yanatoka, na Mfunguo Pili ungekaribia kwisha yangali yanatoka.

Na katika siku hizo lilifanyika jambo ambalo nataka tulitazame kwa karibu. Ilimwagwa dawa, zaidi ya galoni milioni moja na laki nane, nyingine kwa ndege juu ya maji, nyingine kwa bomba huko chini kwenye mdomo wa kisima. Dawa hiyo haiondoi mafuta. Huyavunja yawe vitone vidogo vidogo, yachanganyike na maji. Mama zangu mnalijua hili kuliko mimi. Ukiosha sufuria ya samaki wa kukaanga kwa sabuni, pale ufukweni, mafuta yale yamekwenda wapi? Yamo baharini. Ila huyaoni tena.

Niwe mwadilifu. Wapo wataalamu wanaosema dawa ile huwaokoa ndege na mimea ya ufukweni, kwa kuwa mafuta hayafiki nchi kavu mazito. Wapo wanaosema gharama imelipwa na viumbe wa chini. Ugomvi wao siuwezi. Ninachosema ni hiki: kwa mwenye kamera, bahari isiyo na utando juu ni bahari safi. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ukipata maji basi. Hawa wamepata dawa ya kuufanya mkakasi ung'ae hata ndani ya maji.

Tena BP ndiyo iliyolieneza lile wazo la kila mtu kupima nyayo zake za kaboni. Miaka ya 2004 hivi iliweka kikokotoo kwenye intaneti, mtu aingize gari lake, nyumba yake, safari zake, aambiwe ameichafua dunia kiasi gani. Wazo si baya. Lakini fikirini bibi wa Langoni, mwenye punda mmoja na taa mbili, anaambiwa apime nyayo zake, na anayemwambia ni mwenye visima.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, nakupeni ya juzi. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliahidi kupunguza uzalishaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2023 ikasema itakuwa asilimia 25. Februari 2025 ikaachana na lengo hilo, ikatangaza kupandisha matumizi ya mafuta na gesi hadi takribani dola bilioni 10 kwa mwaka, na kupunguza zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka katika ilizopanga kutumia kwenye nishati ya jua, upepo na mfano wake. Nembo haikubadilishwa. Jua lingali linachomoza pale pale.

Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, nitaipitia haraka, maana kivuli cha Ngome kimeshanifika miguuni. Mwaka 1977 mwanasayansi wake mwenyewe, James Black, aliwaeleza wakubwa wa kampuni kwamba kuchoma mafuta na makaa kutaipasha dunia joto. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Science hesabu za wanasayansi wa kampuni hiyo za tangu miaka ya sabini, wakazilinganisha na joto lililotokea kweli, wakakuta nyingi zimepiga palepale. Ndani ya jumba wanajua. Nje, kwa miaka mingi, wananchi wakaambiwa kwamba sayansi bado haina hakika. Mbona hukuiweka juu?

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi wavuvi.

Mwaka 2007 kampuni ya Shell ilitoa tangazo lenye mchoro wa kiwanda ambacho mabomba yake ya moshi yalikuwa yakitoa maua badala ya moshi. Lilisema hewa chafu ya kaboni inatumika kukuzia maua. Mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza ikaamua kwamba tangazo linapotosha, kwa kuwa hewa iliyokwenda kwenye maua haikufika hata asilimia moja ya ile inayotolewa na kampuni. Maua yalikuwepo kweli! Hakuna aliyesema hayakuwepo.

Mwaka uliofuata, 2008, bomba la kampuni tanzu ya Shell lilipasuka mara mbili karibu na mji wa Bodo, nchi ya Waogoni, huko Nigeria, kwenye mdomo wa mto Niger. Watu wa Bodo ni watu kama sisi. Wana mikoko. Wana hori na nyavu, wanawake wao huokota konokono kwenye tope maji yakipwa. Mafuta yakatoka kwa wiki kadhaa, yakaingia kwenye vijito, yakapanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, kila siku mara mbili, yakipaka mizizi ya mikoko. Kampuni ikasema yaliyomwagika, mara zote mbili, ni kama mapipa elfu nne.

Mnajua walipelekewa nini? Mwaka 2009 ilikuja misaada. Magunia hamsini ya mchele. Magunia hamsini ya maharage. Na sukari, na maziwa ya unga. Mji mzima wa wavuvi, bahari yao imekufa, na mtu amekuja na sukari. Mwanzoni wakakataa. Nawapenda watu wale kwa kukataa kule, na wallahi sijui kama mimi ningeweza, watoto wangu wakiwa na njaa.

Wakaenda mahakamani, London. Huko, chini ya kiapo na nyaraka, kampuni ikakiri kwamba makadirio yake ya mwanzo yalikuwa madogo kuliko yaliyotokea. Januari 2015 wakakubaliana fidia ya pauni milioni 55 kwa mji na kwa watu wapatao 15,600. Kutoka magunia hamsini ya mchele hadi pauni milioni hamsini na tano. Na kilichobadilika ni nini? Bahari ilikuwa ileile, mafuta yaleyale. Mtu alitia mkono ndani ya rundo, basi.

Na fidia hairudishi mikoko. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipima nchi yote ya Waogoni, likasema mwaka 2011 kwamba kuirudisha hali yake kutachukua miaka 25 hadi 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ripoti atakuwa na watoto wake kabla maji hayajatakata. Wala hawakuwa wamenyamaza kabla ya hapo. Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa Kiogoni, na wenzake wanane walinyongwa na serikali ya kijeshi ya Nigeria tarehe 10 Novemba 1995, baada ya miaka ya kusema jambo hilihili. Mungu awalipe.

Niliahidi nitafika kwenye mshahara wangu. Nimefika.

Nilikaa Nairobi miaka sita nikiandika matangazo. Kampuni yangu haina jina leo, na mteja hana jina. Mteja alikuwa muuza mafuta. Kitengo kilichotuleta kinaitwa uhusiano mwema, na mimi mpaka leo nalipenda jina hilo, kama mtu anavyopenda jina la mke aliyemwacha. (Watu wakacheka.) Tukaletwa pwani, kusini mwetu huku, kupanda mikoko. Fulana za kijani mia tatu. Hema. Biriani ya wageni. Droni. Miche elfu mbili imepangwa kwenye vifuko, iko tayari.

Mzee mmoja wa kijijini akanivuta kando. Akaniambia, mwanangu, miche hii ni ya mkoko wenyewe, na hapa mnapopanda ni mbele kabisa, pa mlilana, mti mwingine wa jamii hiyo. Mkoko makao yake kule nyuma, kwenye tope zito. Hapa mawimbi yataung'oa usiku mmoja.

Nikampelekea bosi wangu maneno yale. Bosi akatazama kule nyuma kwenye tope zito, akatazama viatu vya mteja, akatazama jua. "Kule tutapiga picha dhidi ya jua," akasema. "Watu watatoka weusi."

Tukapanda palepale. Dakika arobaini, kazi imekwisha, biriani ikaliwa. Maneno kwenye fulana nilikuwa nimeyaandika mimi: TUNAPANDA KESHO. Nilijisifu sana kwa maneno hayo mawili. Na bajeti niliiona kwa macho yangu, kwa kuwa niliipiga chapa mimi: hema, droni na chakula vilikula pesa kuliko miche, mara nyingi tu.

Baada ya miezi mitano nilipita njia ile kwa shughuli zangu, nikateremka kuitazama kesho yangu. Nilihesabu miche yenye majani. Kumi na tisa. Mingine ni vijiti, vimegandwa na vile vijidudu vya gamba gumu vinavyoganda chini ya mashua zetu, vinakata ukigusa. Mingine haipo kabisa. Pembeni, mvuvi mmoja ameipindua mashini yake juu ya gogo, anafuta grisi kwa fulana ya kijani. Kifuani nikasoma TUNAPANDA, lile neno la pili limeshakuwa jeusi.

Ripoti ya mwaka ya mteja ilikwisha kutoka. Imeandikwa: miche 2,000 imepandwa. Na ni kweli. Tulipanda elfu mbili, kipofu angezihesabu. Mbona hukuiweka juu? Siku ile swali lilinigeukia mimi, na sikuwa na mvua ya kuisingizia.

Ndugu zangu, msitoke hapa mkasema fulani amekataza kupanda mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti yetu hii, nani atakataza? Nendeni Gazi, kule Kwale, mkaone mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanavyoutunza msitu na kuupima, na mapato yake yakaenda kwenye maji na shule. Pale mti unarudiwa, unapimwa mwaka hadi mwaka. Tofauti ni kurudi. Anayepanda kwa ajili ya picha hana haja ya kurudi.

Wala sikusema petroli ni haramu. Mimi mwenyewe leo nimevuka kutoka Mokowe kwa boti ya mashini, sikuja kwa tanga.

Sasa tunahusikaje sisi? Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Katika mpango wa LAPSSET, ule wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, bomba la kuyaleta baharini lina urefu wa zaidi ya kilomita 800, na mwisho wake ni hapa kwetu. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa 2021, tunaiona usiku taa zake. Bomba halijafika. Lakini rangi hutangulia bomba, nawaambia mimi niliyeichanganya.

Na sisi si wageni wa kukwaruza. Wavuvi wa hapa walikwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya bandari ileile, na mwaka 2018 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mradi wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, uliletwa kwetu na maneno mazuri ya mitambo ya kisasa na moshi uliochujwa. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile linalosikiliza rufaa za leseni, likaifuta leseni yake, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengine wa wale waliosimama siku zile wamekaa hapa, naona wanatazama chini kwa haya. Hawakushinda kwa bango, jamani. Walikaa na ripoti ya athari kwa mazingira, ukurasa kwa ukurasa, wakauliza jivu litawekwa wapi, maji ya moto yatatoka wapi, samaki atakwenda wapi.

Kwa hiyo wakija, wapokeeni, wapeni kahawa. Kisha ulizeni.

Wakisema shughuli zetu hazitatoa hewa chafu, ulizeni: moshi upi mnaouhesabu? Wa kuchimba na kusafirisha, au na ule wa mafuta yenyewe yakichomwa? Maana sehemu kubwa mno ya hewa chafu ya pipa la mafuta hutoka siku linapochomwa, na ahadi nyingi za kampuni huishia kabla ya siku hiyo. Ni sawa na muuza miraa anayeapa kwamba dukani kwake hatafuni mtu. Ni kweli, hatafuni. Wanatafunia barazani kwako.

Wakisema tumepunguza hewa chafu kwa kila pipa, ulizeni mapipa ni mangapi. Daktari amekuambia upunguze sukari, ukapunguza kijiko kimoja kwenye kikombe, kisha ukanywa vikombe kumi. Utamwambia nini daktari?

Wakisema tutafikia lengo mwaka 2050, ulizeni lengo la mwaka ujao, na nani atakayepima, na analipwa na nani. Wakileta picha ya mikoko, ulizeni tarehe ya picha ya pili. Na kama ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha kurasa mia sita, ulizeni ya Kiswahili iko wapi, kwa kuwa ile ya Kiingereza wanajua wazi nani hataisoma.

Hapo tu ndipo nina jambo la kuwaomba, na nimalizie. Katika gunia hili nina ripoti ya mradi mmoja uliopangwa upande wetu. Nimeichana nikaigawa kurasa ishirini ishirini, nimezifunga kwa uzi. Mwalimu, mwanafunzi, nesi, yeyote anayesoma Kiingereza, apite hapa achukue fungu moja. Ijumaa baada ya swala tukutane palepale, kila mmoja asimame aseme kwa Kiswahili cha nyumbani ameona nini katika kurasa zake. Asiyeelewa aseme hakuelewa, hilo nalo tutaliandika. Fungu la mwisho la viambatisho, lenye majedwali matupu na maandishi madogo kama sisimizi, ambalo hakuna atakayelitaka, nalichukua mimi. Ndiko nilikokuwa nikiyaficha ya wateja wangu.

Nasikia msikiti wa Riyadha umeanza. Shukeni kwenye ukuta, vijana, na mmoja wenu anisaidie gunia.